Mgongo Wangu na Mpunga wa Mama Mkwe

Jumamosi mama mkwe alikuwa anapandikiza mpunga kule Mnyuzi, na kwetu Wazigua mkwe akiitwa shambani haulizi maswali. Mimi nilimwambia mke wangu apeleke taarifa kwamba mgongo umekaza, hata viatu navalishwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejisifia kwa bosi wangu mpya kuwa nacheza gofu, mchezo niliouona kwenye televisheni tu, naye akanialika.

Uwanja wenyewe uko wazi kwa yeyote, ila umezungukwa na vinamasi. Mpira wangu wa kwanza ulizama. Wa pili pia. Wa tatu ulipaa vizuri ajabu, ukavuka matete yote.

"Huo ndio ulikuwa wa mwisho," bosi akasema.

Nikakunja suruali hadi mapajani nikaingia topeni kwa haraka ya mtu anayetafuta sifa. Sikujiuliza ng'ambo ya matete kuna shamba la nani. Nilipotokeza, mama mkwe alikuwa ameinama mbele yangu, mkono mmoja miche ya mpunga, mwingine mpira wangu.

Niliikunjua suruali kufunika mapaja, humo humo majini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgongo unaendeleaje?"

Kabla sijajibu, bosi akatokeza nyuma yangu akihema. "Mama, kijana huyu ana mgongo wa chuma. Laiti ungemwona anavyopiga."

Mama mkwe akamkabidhi bosi mpira. Mimi akanikabidhi miche.