Birika la Kakao Lililomshika Noreen

Noreen Entwistle wa Oldham, Uingereza, hajawahi kuonja pombe. Alipostaafu upishi wa shule, mumewe Wilf alidhani atapanda maua. Badala yake akazama katika kuandika kitabu cha historia ya mikahawa ya kakao, ile iliyofunguliwa na watu wa kanisa enzi za Malkia Victoria. Mfanyakazi wa kiwanda cha pamba alipata humo moto wa kuota, gazeti na kikombe cha kakao, asione sababu ya kupitia baa.

Mkahawa pekee uliobaki umesimama mtaani kwake. Siku hizi ni baa.

"Tangu tuoane nakubembeleza twende baa, hata kwa soda tu," Wilf alilalamika. "Leo unanitangulia?"

"Mimi naenda kazini."

"Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo."

Noreen alikaa chini ya ubao wa kurushia vishale na chai yake, akiwauliza wanywaji habari za mababu zao. Kila aliyesimulia alipewa kipande cha keki. Mzee Cyril alisimulia habari za bibi yake aliyecheza ngoma juu ya meza ya kakao. Wiki iliyofuata alikuja na bibi wa pili, na kabla ya Pasaka alikuwa na mabibi watano.

Ndipo Gaz, mwenye baa, akapandisha kutoka stoo ya chini birika kubwa la shaba, refu kama mtoto wa shule, lenye mdomo mwembamba. Noreen alikaribia kulia: birika la kakao la enzi zile! Akaingiza mkono, akapapasa.

"Kuna herufi huku chini! Jina la mtengenezaji!"

Alipotaka kuutoa mkono, ukagoma.

"Leteni maji na sabuni," alisema.

"Maji yamekatwa tangu asubuhi, mama," Gaz akajibu.

"Mafuta basi."

"Yote yako kwenye karai, yanachemka. Nakaanga chipsi."

Wote wakaitazama mashine ya bia.

"Hata kidogo!" Noreen alifoka.

"Huinywi, unaogea tu," Cyril akamtuliza. Wilf, aliyekuwa ameitwa, naye akashauri, "Mmwagieni ile bia nyeusi. Ina povu."

Walimwaga jagi baada ya jagi. Noreen alilowa mpaka viatu, na mkono ukabaki palepale. Kibaya zaidi, akina mama wa kanisa walikuwa wanamngoja mchana huo awahutubie juu ya mikahawa hiyohiyo.

"Nitakwenda nalo," akasema.

Basi Wilf na Gaz wakabeba birika, Noreen akatembea katikati yao akinuka bia, na wanywaji wote wakafuata, kwa kuwa keki zilikuwa zimehamia kanisani. Mchungaji Beresford aliwaona wakipanda ngazi, akafungua mikono kwa furaha.

"Karibuni, wapendwa! Kutubu hakuna kuchelewa!"

"Tumefuata keki," Cyril alisema.

"Mola ana njia nyingi, ndugu yangu."

Noreen alihutubia mkono ukiwa birikani. Alieleza jinsi mikahawa mingi ilivyokufa: kakao ilikuwa maji matupu, na wazungumzaji walioletwa kuhutubia humo walimchosha mtu aliyeshinda kwenye mashine tangu alfajiri hadi jioni. "Walimpenda mfanyakazi," alipaza sauti, "lakini hawakumwuliza anataka nini!" Akajisahau, akainua mikono yote miwili. Mkono ukachomoka, birika likabingirika hadi miguuni pa mchungaji.

Gaz akamulika ndani kwa simu. Jina lilikuwa la kiwanda cha vyombo vya kupikia bia. Wanywaji walishangilia kama timu ya Oldham imefunga goli.

Mchungaji alimsihi Noreen asiliandike hilo kwenye kitabu chake.

"Mchungaji, nimelowa bia mpaka soksi," alisema Noreen, akijikamua kola. "Nitaliandika ukurasa wa kwanza."