Redio Niliyowaachia Ndege

Huu mkasa kila nikiuhadithia naonekana boya, na ubaya wenyewe ni kwamba siku ile nilikuwa boya kweli, kwa hiyo chekeni sasa hivi mmalize.

Nyumbani kwetu Mahege mama ni mjumbe, ndiyo maana ile redio ya tahadhari ya hali ya hewa ikawekwa kwetu. Likitoka tangazo la mafuriko inakatiza vipindi vyake vya kawaida, inalia kama king'ora, mama anapiga debe, watu wa bondeni wote wanahama. Kazi yake hiyo tu, ikae dirishani, na ndani kwetu yumo Bibi, ambaye miguu ilishakataa, haendi popote bila kubebwa.

Sasa mpunga ulikuwa umeanza kuiva na zamu ya kuamia ndege ilikuwa yangu. (Kazi hiyo mnaijua? Unakaa juu ya dungu kutwa unapiga kelele mpaka sauti inakuwa ya mbuzi.) Nikajiona mjanja, nikaibeba redio kimyakimya, nikaifunga kwenye nguzo ya dungu, sauti mpaka mwisho, nikaenda zangu kijiweni kucheza drafti. Alasiri nikachungulia shamba, ndege hakuna hata mmoja, nikarudi kujisifu kwamba wenzangu mnapayuka, mimi nimeajiri mtangazaji.

Bado nacheka, maji hayo yanaingia njiani, rangi ya chai ya maziwa, hayana haraka lakini hayasimami. Nilikimbia. Nikamkuta mama ameshika debe, anatazama dirisha tupu. Tuling'oa mlango, tukamlaza Bibi juu yake, tukamtoa maji yakiwa kifuani, na mbuzi wa Mama Zuhura, jirani yetu, walikuwa wanalia kwenye kamba zao mpaka wakanyamaza.

Shuleni tulikokimbilia, Mama Zuhura akauliza mbele ya watu wote redio iko wapi. Mama akanigeukia. Nikasema iko shamba, inafukuza ndege. Hakuna aliyecheka, na mimi kuchekwa nimezoea, kunyamaziwa ndiyo sijazoea, nikaona nijitetee.

"Lakini ilifanya kazi," nikasema. "Ndege waliondoka wote."

Bibi alikuwa kwenye mkeka pembeni, anatetemeka ndani ya kanga iliyolowa. Hata hakuinua kichwa.

"Wao si walilisikia tangazo, mjukuu wangu."