Harufu Iliyomgombanisha Mama Viganja na Wifi Yake

Mama Viganja hakuwa mtu wa kukubali kitu kwa kuambiwa tu. Alikuwa mkandaji wa siku nyingi, na kazi hiyo humzoesha mtu kutoamini maneno: mteja anakwambia bega ndilo linalouma, ukibonyeza unakuta ubaya wote umejificha kiunoni. Basi na watu wengine akaishi nao hivyo hivyo. Muuza nyanya akimwambia hizi ni za leo, atazigeuza moja moja. Daktari akimwambia apumzike, atajiuliza huyu anafaidika nini mimi nikilala.

Kwenye mafuta ndiko alikozidi. Chumba chake cha kazi kilikuwa uani: kitanda chembamba, beseni, kabati la taulo na rafu ya chupa. Ya nazi aliyapenda kwa ngozi kavu, ila asubuhi za baridi yaliganda, chupa ikabidi ikalishwe kwenye maji ya moto. Ya mbarika ni mazito, yananata kama mgeni asiyejua kuaga, kwa hiyo aliyatia kidogo tu ndani ya mengine, kwa magoti ya wazee. Ya karanga hakuyaingiza kabisa, maana wapo watu karanga huwavimbisha, na mteja hakumbuki kukwambia mpaka ameshavimba. Kwa migongo mipana alitumia ufuta. Yanateleza vizuri, hayana haraka ya kukauka, na mkono unapita bila kuvuta nywele.

Ufuta aliuchukua kwa mtu mmoja tu, wifi yake, mjane wa kaka yake, mwenye mashine ya kukamulia kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Tangu kaka afariki, dumu hilo ndilo lililobaki kuwakutanisha. Marehemu hakuacha mtoto, na wifi mwenyewe ni mkimya, si wa kwenda kwa watu kupiga soga. Mama Viganja anapeleka dumu tupu, anakaa kidogo, wanamsema marehemu kwa ukaidi wake, wanacheka, anarudi na dumu limejaa.

Sasa palikuwa na mteja mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, mgongo wake kama mlango wa ghala. Siku hiyo alilala kifudifudi, akavuta pumzi, akauliza leo anakandwa au anakaangwa.

"Juzi mke wangu kaniuliza nilikuwa nimelala kwenye kikaango cha nani," akasema.

Mama Viganja akamwambia anyamaze, alegeze shingo. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Mteja alipoondoka alijinusa mikono, hakusikia kitu. Akadondosha tone mkononi, akalisugua mpaka likapata joto, akanusa tena. Ufuta mtupu. Mtu mwingine angetulia hapo. Yeye akawaza kwamba mafuta yanayoficha harufu yake ni mabaya kuliko yanayoitoa.

Ndipo vitu vidogo vidogo vikaanza kujipanga. Kwamba mara ya mwisho wifi alimmiminia kutoka kwenye ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango, si pale chini ya mashine. Kwamba aliupangusa mdomo wa dumu kwa haraka haraka. Kwamba hata hali ya goti lake hakumuuliza. Mpaka anafika kibandani, dumu mkononi, alikuwa na kesi kamili kichwani. Akawakuta wanawake wawili wakisubiri mafuta yao, wala hakungoja waondoke.

"Wifi, niambie tu ukweli. Unayachanganya na nini?"

Wifi alinyoosha mkono. Akalichukua dumu, akamimina yaliyobaki kwenye ndoo yake, akamrudishia likiwa tupu.

"Tafuta kwingine, wifi," akasema.

Njiani Mama Viganja alijiambia kwamba asiye na kosa angejitetea. Akanunua mafuta ya alizeti dukani, chupa yenye lakiri yake, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya dereva.

"Mama," dereva akasema, uso umezama kwenye taulo, "kikaango ni kile kile."

Hapo akamshuku mwenye duka. Akakishuku na kiwanda. Akafika hadi kumshuku dereva, akamuuliza alioga lini. Dereva hakuudhika. Alikaa kitandani, akalivuta taulo alilokuwa amelilalia, akamwekea puani.

Mama Viganja akanusa. Taulo tu.

"Umeishi nalo," dereva akamwambia. "Pua yako imeshalifanya ndugu."

Mama yake ndiye aliyemfundisha kazi, na alimwambia taulo za kukandia zifuliwe kwa maji baridi, kwani ya moto yanazifanya zikwaruze mgongo. Alilishika neno hilo maisha yake yote. Kumbe kila ufuaji uliacha mafuta kidogo nyuzini, yakazeeka humo, yakachacha, na kabati zima likanuka jiko la jana. Alichemsha taulo moja kwa sabuni ya unga na magadi, akalianika, likakauka. Alipolinusa hilo kwanza, kisha akanusa lile la kabatini, alirudi nyuma hatua nzima.

Alimkuta wifi anakamua. Alimweleza yote akiwa amesimama, hakujipunguzia. Wifi akamwambia kwamba wale wanawake wawili hawajarudi tena, na yaelekea wamewaambia wengine.

"Nitawafuata niwaambie nimekosea."

"Watasema ni undugu unaongea." Wifi akasogeza kigoda, akakiweka ubavuni mwa mashine, upande wa barabara. "Mafuta nitakupa. Ila kila ukija utakaa hapa, tangu ufuta unapoingia mpaka dumu linajaa. Kila apitaye akuone."

Akakaa. Mashine ilikuwa na joto, mashudu yakimrukia magotini. Wapita njia walitazama, wengine wakasalimu. Mafuta yakaanza kushuka, na Mama Viganja, bila kupanga, akajikuta amenyoosha shingo kuchungulia kama ndoo haikuwa na kitu chini tangu mwanzo. Alipoinua macho, wifi alikuwa anamtazama.

"Inama zaidi," wifi akasema. "Hapo huoni vizuri."

Akainama.