Majibu Niliyosomewa

Maabara ile iliingia Tunduma kwa kishindo. Walifungua ofisi karibu na barabara ya mpakani, wakaweka spika nje, na kutwa spika ikawa inatangaza: majibu yako ni siri yako, yafungue mwenyewe kwenye simu yako. Mimi sioni tangu utotoni, na tangazo lile nililisikia kama limetungwa kwa ajili yangu. Maana mtu asiyeona hana siri hospitali. Daktari humwuliza aliyenishika mkono, "Anasumbuliwa na nini?", na mimi nimekaa hapo hapo, mwalimu wa historia wa sekondari, mdomo ninao.

Siri niliyoitaka ilikuwa moja tu. Mimi na mke wangu tulikuwa na miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto. Yeye alishapimwa zaidi ya mara moja, wakasema hawaoni tatizo, lakini kwetu Ileje hakuna aliyekubali kusikia hilo. Kwao mwanamke ndiye mwenye kasoro, habari imeisha. Nilibaki mimi kupimwa. Nikapanda bodaboda peke yangu, nikaenda, nikapewa kikopo, na mengine siyaelezi.

Baada ya muda ujumbe ukaja kwamba majibu yako tayari. Simu yangu ina sauti ya kunisomea, ya mwanamke anayetamka Kiswahili kama mtalii, lakini tumeshazoeana. Nilipofika mlangoni mwa tovuti yao, ikasema, "Picha. Picha. Picha." Basi. Kumbe tovuti ilitaka nichague picha zenye taa za barabarani ili ithibitishe kwamba mimi ni binadamu. Nilibahatisha, nikabahatisha, mpaka ikanifungia. Nikapiga simu ofisini kwao. Binti aliyepokea akasema wao wanachukua sampuli tu, majibu yanatoka Dar, na kwa ajili ya usiri hawaruhusiwi kumwambia mtu kwa mdomo.

"Kwani huna mtu wa kukusaidia hapo nyumbani?" akaniuliza.

Ninaye. Mke wangu anauza vitenge mpakani, na wateja wake wengi ni akina mama wanaovuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Shule zikifungwa huwa nakaa nyuma ya meza yake, juu ya robota la vitenge, nikimsikiliza akichanganya Kiswahili na Kibemba na vijineno vya Kiingereza. Sauti zake zote nazijua. Akimwambia mteja, "Mama, hapo nakupa kwa bei niliyonunulia mimi mwenyewe," sauti hushuka, hulainika, huenda polepole, kama anambembeleza mtoto alale. Na hajawahi hata siku moja kuuza kitenge kwa bei aliyonunulia.

Alichagua zile picha za taa mara moja, mlango ukafunguka. Huko ndani nako majibu yalikuwa karatasi iliyopigwa picha, na simu yangu ikarudia wimbo wake: picha. Ikabidi asome yeye. Nilisikia akivuta pumzi. Kisha akasema, "Wameandika kila kitu kiko kawaida, mwalimu. Huna tatizo." Huniita mwalimu kwa sababu hatuna mtoto wa kutuitia majina.

Ilikuwa ile sauti ya bei ya kununulia.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumpa mwingine asome. Nani? Ningempa mwalimu mwenzangu, jioni mtaa wetu mzima wa Chapwa ungekuwa na habari. Na mke wangu angejua kwamba simwamini. Nilipakua programu inayosema kilichomo kwenye picha, nikamwomba anifungulie tena ukurasa kwa kisingizio nilichokiona cha maana wakati ule. Programu ikaniambia kwa furaha, "Karatasi nyeupe yenye maandishi." Ahsante sana.

Wakati huo huo chama kimoja cha kutetea watu wenye ulemavu kilitufanyia semina, na wakili wao, dada mchangamfu sana, akatueleza kwamba huko ng'ambo wasioona wanashitaki maduka na hoteli kwa tovuti zisizosomeka, na wanashinda. Nilipomaliza kumwelezea habari ya zile taa za barabarani akapiga kofi mezani. Tukafungua kesi. Niliomba amri moja: warekebishe tovuti ili simu yangu inisomee majibu yangu. Wenzangu wakaanza kuniita shujaa. Redioni niliongea kwa ukali kuhusu haki, na ukali ule ulikuwa wa kweli, kwa sababu nimechoka kusomewa maisha yangu. Lakini jambo lililokuwa linanikosesha raha hasa sikumwambia hata wakili wangu.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa maabara alimwita mke wangu kizimbani. Alikuwa mtu mstaarabu, wala hakupandisha sauti. Mke wangu akaapa kwa Biblia.

"Mama, unajua kusoma?"

"Najua."

"Majibu ya mumeo ulimsomea?"

"Nilimsomea."

"Yote, kama yalivyoandikwa?"

Nikajikuta nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Yote, mheshimiwa," akasema. "Kama yalivyoandikwa." Taratibu, kwa upole, kama yuko na mteja wa Nakonde.

Wakili wangu akaniinamia. Akaninong'oneza kwamba hapo ndipo wanapotubana, wanasema nilisomewa, kwa hiyo sikudhurika. Kama kuna dhara lolote nililolipata, niliseme sasa. Dhara lilikuwa limesimama kizimbani, limeapa. Ningetamka neno moja tu kesi ingekuwa yangu, na mke wangu angekuwa mwongo mbele ya watu wote wale, kwa kosa ambalo nadhani, nasema nadhani, lilikuwa la kunihurumia.

"Sina la kuongeza," nikamwambia.

Kesi ikatupwa. Hakimu alisema mlalamikaji alipata majibu yake kupitia mwenzi wake, na hakuonyesha alivyoumia. Dada wakili alikasirika kuliko mimi, akataka rufaa, nikamwambia nimechoka. Tulirudi Tunduma kwa basi kutoka mahakamani, mke wangu akiwa amenishika mkono, akinisimulia mashamba ya kahawa yaliyokuwa yanapita dirishani, na mimi nikiitikia.

Ningeweza kupima kwingine, daktari akaniambia mwenyewe kwa mdomo. Najua. Nimeshawahi kuvaa viatu kwa ajili ya safari hiyo, nikavivua. Nikienda, nimemwambia mke wangu kwamba aliapa uongo. Nisipoenda, nakaa hivi. Naogopa pia, sitaficha.

Sikukuu iliyofuata tulikwenda Ileje kwa mama, ambaye habari za kesi na za majibu yangu zilishamfikia. Baada ya chakula mama akaleta kikombe cha dawa ya mizizi, chungu mpaka harufu yake inakuna koo. Akamwekea mke wangu mbele yake.

"Kunywa, mkwe wangu. Mimi sikulaumu, lakini lazima tuhangaike. Mwanangu wamemkuta mzima. Si wewe mwenyewe uliyemsomea?"

"Ni mimi, mama," mke wangu akajibu.

Akakichukua kikombe. Nilimsikia akinywa, funda baada ya funda, bila kupumzika, mpaka kikombe kikagusa meza kikiwa kitupu. Mama akanigeukia.

"Au siyo, mwanangu?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mkono wa mke wangu ukanishika goti chini ya meza, ukanibana kwa nguvu, na haukuachia.

"Ndiyo, mama," nikasema.