Mto wa Mpira Mbele ya Majaji

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Wapo wanaosema hadi leo kwamba siku ya rufaa alinunuliwa. Nyumba yetu haijawahi kutoa mtu wa kununuliwa, na mambo yalikuwa hivi.

Alibuni kifaa cha kuzuia mdomo wa mtoto usifumbe daktari anapotibu jino: mkono wa chuma, na kwenye ncha yake mto wa mpira wa kung'ata. Akakipatia hataza, ili asikitengeneze mwingine bila ruhusa yake. Kampuni moja kubwa ikatoa cha kwao. Mto wao ulichomekwa tu. Ukichakaa, unachomolewa na kuwekwa mpya. Tukaishtaki. Hati yetu ya hataza ilisema mto "umeunganishwa" na chuma. Mahakama ya kwanza iliamua kwamba kilichochomekwa hakijaunganishwa. Tukakata rufaa.

Wakili wetu alikuja nyumbani kumwandaa.

"Mzee, vitu viwili vikishikana vimeunganishwa, vitengane visitengane. Tukishikilia hapo tunashinda."

"Wangu hautengani."

"Najua. Hilo tuliache."

"Niliumimina mpira juu ya chuma makusudi. Mtoto akiumeza mto, utamwambia nini mama yake?"

"Mzee wangu, kesho wewe ni bwana harusi. Kaa, upendeze, unyamaze."

Majaji walikuwa watatu. Wakili alisema vizuri, na jaji wa katikati alikwisha kuanza kuandika huku akiitikia kwa kichwa. Kisha akakiinua kifaa chetu.

"Na mto huu wenu, wakili, ukivutwa unatoka?"

"Mheshimiwa, ukivutwa kwa nguvu, chochote hutoka."

Nilimwona mume wangu akisimama. Nilimshika koti, likaniponyoka.

"Samahani, Mheshimiwa. Huo hautoki."

Wakili alifumba macho. Jaji, kwa upole, akamwambia aonyeshe. Mume wangu akakipokea, akauvuta mto mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Chuma kikapinda. Mto ukabaki palepale.

Hukumu ilisema kuunganisha, katika hati ile, ni kushikanisha vitu visiweze kutengana, kama mbunifu mwenyewe alivyoonyesha. Kampuni ikaachwa iendelee kuuza.

Pale kwenye ngazi za mahakama, shemeji yangu alimsubiri.

"Kaka, umevunja sahani ya wanao ili watu wakuone una misuli."

Nyumbani mume wangu alivua viatu, akalala na suti.

Madaktari wakahamia kwenye kile cha kampuni, kilichokuwa rahisi zaidi. Haukupita muda mrefu, mito ile ikaanza kulegea, wakamletea mume wangu aitengeneze. Shemeji alimkuta mezani na gundi.

"Sasa unamfulia nguo aliyekuibia."

"Sogea, unaniziba mwanga."

Aliibandika mmoja mmoja, akiuvuta kila mmoja kabla ya kuurudisha. Ndiyo kazi iliyotulisha mpaka kifua kilipomkatalia.