Bi Komeo Amfundisha Mkwewe Kufoka

Kwanza tuelewane: Bi Komeo hakuwa mchawi. Mtaani kwake walisema hivyo, na wengine walivuka barabara wakimwona anarudi kazini, lakini watu wakikosa la kusema husema lolote. Alikuwa mama mjane, mnene kiasi, mpenzi wa chai ya moto isiyonyweka na mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kutunza nyoka wenye sumu, katika nyumba ambako sumu yao hukamuliwa ikatengenezwe dawa ya watu walioumwa. Jina la Bi Komeo alipewa na wenzake, kwa sababu hakuwahi kufunga sanduku la nyoka asirudi kulisukuma komeo tena kwa kidole gumba. Na nyumbani hivyo hivyo. Hata kopo la sukari alilifunga kwa kamba, sijui sisimizi wake walikuwa na mikono.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: hakuna anayefungua sanduku peke yake. Lazima muwe wawili, mmoja afanye kazi na mmoja atazame. Sasa mwenzake wa miaka yote alistaafu, akaenda kulea wajukuu, na Bi Komeo akabaki bila jicho la pili. Wakati huohuo kiwanda cha mikate kikafungwa, na mkwewe, aliyekuwa dereva wa gari la mikate, akabaki nyumbani anapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mkewe, binti pekee wa Bi Komeo, alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele.

Basi jioni moja yule kijana akaja kwa mama mkwe wake, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Samahani mama, sijui kama nitakuwa nakukosea adabu, lakini nimesikia kule kazini kwenu..."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akizungumza. Sentensi yake ilikuwa na sebule, ukumbi na veranda kabla hujafika chumbani. Ila Bi Komeo alimpenda, tena sana. Marehemu mzee wake alipokuwa hoi kitandani, ni mkwe huyu aliyemwogesha kila asubuhi, akimgeuza taratibu kama mtu anayeshika yai, huku akimwomba radhi kwa maji kuwa baridi. Hilo mtu halisahau.

Binti ndiye aliyeweka sharti. Alimfuata mama yake jikoni, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nakukabidhi mume wangu. Ukinirudishia mtu kwenye machela, sijui nitakutazama na macho gani."

"Nimekusikia, mwanangu."

Mafunzo hayakuanza na nyoka. Wanaoanza na nyoka huwa hawamalizi. Bi Komeo alimpeleka kwanza hospitali, akamwonyesha friji inayotunza dawa, akamtambulisha kwa muuguzi wa zamu, akahakikisha namba ya pale imeingia kwenye simu yake. "Kabla hujajua nyoka anakaa wapi, ujue wewe utakimbizwa wapi," alimwambia. Kisha akamvua pete ya ndoa. Kijana akashtuka kidogo, akauliza kwa upole kama mkewe ana habari. "Kidole kikivimba na pete imo, utakosa kidole na pete," alisema mama. "Mkeo nitamwambia mimi."

Baadaye akampa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akakihamishe kutoka sanduku hadi sanduku kwa fimbo yenye ndoano, bila kukidondosha. Baada ya mpira akampa nyoka mdogo wa kahawia, asiye na sumu, yule anayekula panya kwenye mabanda. Kijana akamtazama, akasema samahani, huyu si hana neno? Hapo ndipo alipoonja ukali wa mama mkwe.

"Hana neno nani? Mkono ukizoea uzembe kwa huyu, utaupeleka uzembe huohuo kwa kifutu. Kuanzia sasa huyu anaua. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Na kweli alijifunza. Mikono yake ya udereva ilikuwa mitulivu, miguu alijua pa kuiweka, na hakuwahi kutamani kumshika nyoka kwa vidole apate kusifiwa. Bi Komeo alianza kulala usingizi mnono. Alichomkumbusha kila siku ni jambo moja. Anayetazama akiona kitu, chochote, anapaza sauti: "Toka!" Neno moja tu. Mwenye fimbo anaruka nyuma hapohapo, maswali yatakuja baadaye. "Sawa, mama," kijana alijibu kila siku, na Bi Komeo akaridhika na "sawa" hiyo. Jamani, alipaswa kuijua zaidi.

Siku ya kifutu, yule nyoka mnene wa mabaka na sumu kali, ilifika. Sanduku la kifutu lilikuwa na vyumba viwili vyenye mlango mdogo kati yake. Ukitaka kubadilisha maji, unamwacha nyoka chumba cha ndani, unashusha kile kimlango, ndipo unafungua upande wa bakuli. Bi Komeo aliinama kwenye kioo, akaona mviringo wa mabaka kwenye kona ya chumba cha ndani. "Nimemwona," akasema, akashusha kimlango. Mwenzake alitakiwa naye aseme "Nimemwona" kabla komeo halijaguswa. Lakini kijana alikuwa bado anainama, na Bi Komeo, kwa mazoea ya miaka mingi na mtu aliyejibu upesi, akavuta komeo, akafungua kifuniko na kuingiza fimbo.

Ule mviringo haukuwa nyoka. Lilikuwa gamba. Kifutu alikuwa amejivua, gamba limejikunja kule ndani kama mwenyewe, na mwenyewe amejilaza nyuma ya bakuli, rangi moja na mchanga. Kosa hilo mtu wa mtaani hawezi kulifanya. Hulifanya aliyeona mabaka hayo maisha yake yote, hata macho yake hayaangalii tena, yanakumbuka tu.

Kijana alimwona. Alimwona vizuri kabisa, kichwa mpaka mkia. Akafungua mdomo.

"Samahani mama, sijui kama nakosea, lakini nilikuwa naona kama..."

Kifutu hakungoja mwisho wa sentensi. Aliruka, akagonga mti wa fimbo chini kidogo ya vidole vya Bi Komeo, sauti kama mtu aliyepiga mlango kwa ngumi. Fimbo ndiyo iliyomwokoa. Kama ungekuwa mkono mtupu, tungekuwa tunasimulia mengine. Bi Komeo alirudi nyuma, akasukuma kifuniko kwa ndoano, akafunga komeo. Akalisukuma tena. Kisha akageuka.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Na ukaanza na samahani!"

Kijana alikuwa analia, machozi yanamwagika bila sauti. "Mama, ulimi ulikataa. Nitakupigiaje kelele wewe?"

"Kumbe ungenizika kwa adabu! Nenda nyumbani. Nenda!"

Alipoondoka, Bi Komeo alikaa kwenye beseni lililopinduliwa katika chumba cha kuoshea. Kosa la kuvuta komeo kabla ya jibu lilikuwa lake, na alijua. Hakuogopa kifo sana. Umri ule mtu ameshazoea kukisikia kikipita jirani. Kilichomkata maini ni bintiye. Binti alidhani hatari ni kupoteza mume. Hatari yenyewe ilikuwa kumpoteza mama mbele ya mume, kisha kulala kitanda kimoja kila usiku na mtu aliyeona akanyamaza. Ndoa gani ingebeba hilo? Mtoto gani angezaliwa katika kimya hicho?

Akaenda nyumbani kwa bintiye akiwa ameshaamua: mkwe aache kazi. Akamkuta binti peke yake, mume bado hajafika, miguu juu ya mto, akamweleza yote bila kuficha, la kwake na la mkwewe.

Binti akashusha miguu chini. "Mama, huyu mtu hajawahi kunipandishia sauti hata mimi. Ndicho nilichompendea."

"Hata mimi, mwanangu. Ndiyo maana nasema aache. Sitaki kumharibu."

"Kufoka mara moja kutamharibu?" Binti akajishika kiuno, akacheka kidogo huku macho yamelowa. "Mfundishe, mama. Umewafundisha nyoka kuingia kwenye masanduku, utashindwa na mume wangu?"

Basi ikawa vituko. Kila jioni, uani kwa binti, ndoo ikawa sanduku na Bi Komeo akainama juu yake na ufagio. Kazi ya mkwe ilikuwa kumfokea. Siku ya kwanza alinong'ona "toka" kama anayemwamsha mtoto. "Hata kuku hatoki kwa hiyo," alisema mama mkwe. Siku nyingine alipaza sauti, lakini akaongeza "tafadhali" mwishoni, binti akacheka hadi akaomba aachwe apumue. Bi Komeo alimchokoza, akamwambia wali wake huwa bokoboko, akamwambia gari lake la mikate lilikuwa halina breki wala dereva. Wapi! Kijana alitabasamu na kuinamisha kichwa.

Jioni moja Bi Komeo alitua ufagio, akaketi kwenye kizingiti karibu naye. Hakutania.

"Baba, nikuambie. Siku ulizomwogesha mzee wangu, ulimheshimu. Maji yakiwa ya moto mno ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nawahi kuutoa mkono wake, mama."

"Ulimwomba ruhusa kwanza?"

Kijana akafikiri. "Hapana. Angeungua."

"Basi. Hiyo nayo ni heshima, tena ile kubwa. Mimi nataka nimwone mjukuu wangu. Nitoe mkono."

Kijana alikaa akitazama ile ndoo muda mrefu, hadi mkewe akamwita kula.

Walirudi kazini, kwa daktari aliyesimamia nyumba ile ya nyoka, naye akakubali wajaribu tena kuanzia mwanzo: mpira, nyoka wa kahawia, halafu wenye sumu. Sasa hakuna komeo lililoguswa bila "Nimemwona" mbili, na Bi Komeo alizingojea, hata akilazimika kuuma meno. Siku ikaja ya swila, yule anayetema mate ya sumu, nao wote wawili wamevaa miwani ya kinga. Swila alikuwa chumba cha ndani, ameinua shingo, anaonekana wazi. "Nimemwona." "Nimemwona." Kimlango kikashushwa. Komeo likavutwa. Bi Komeo akaingiza ndoano kuchukua bakuli.

"TOKA!"

Haikuwa sauti ya mtu anayejulikana. Vioo vilitetema. Bi Komeo aliruka nyuma, akagonga ukuta kwa mgongo, ndoano ikaanguka kwa kishindo, na kule ofisini mtu akaangusha kikombe. Kijana alikuwa ameshapiga kifuniko kwa fimbo yake, amesimama kati ya mama mkwe na sanduku, kifua kinapanda na kushuka.

Wakatazama. Swila alikuwa palepale ndani, nyuma ya kimlango kilichofungwa. Upande wa bakuli hapakuwa na kitu, ila waya wa taa uliolegea, kivuli chake kikipita juu ya mchanga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa walikuwa wamekoswa kwa upana wa kidole.

Uso ulimsawijika kijana. "Mama... ni waya. Nilidhani ni nyoka wa pili. Nimekufokea bure, mbele za watu. Nisamehe, mama, nilitaka kuhakikisha, lakini nikaona nikihakikisha..."

"Nyamaza," alisema Bi Komeo.

Alivua miwani. Alitaka kusema neno la mwalimu, kwamba bora kuruka kwa waya mara mia kuliko kuchelewa kwa nyoka mara moja, lakini akaliacha. Akatoka nje, akampigia binti.

"Mumeo amenifokea."

"Mungu wangu! Kuna nini? Nyoka gani?"

"Hakuna nyoka. Waya wa taa." Bi Komeo alianza kucheka, na machozi yakamtoka yote pamoja. "Amenifokea kwa waya wa taa, mwanangu. Kwa sauti, mpaka vikombe vimevunjika. Amenisukumia ukutani kwa sauti."

Upande wa pili akamsikia binti naye analia, kilio kile cha mtu aliyeshikilia pumzi siku nyingi.

"Mrudie, mama," binti alisema. "Mrudie, asikae peke yake akidhani umekasirika."

Bi Komeo akarudi ndani. Mkwewe alikuwa amesimama pale alipomwacha, hajathubutu kukaa. Akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi, akamvuta taratibu, akaketi naye.