Wimbi Lililokwama kwa Mama Mkwe

Niliondoka Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa sababu ya ubishi. Kompyuta ya chuo, kubwa kama kabati la nguo, ilikuwa imenikubalia kwamba jiwe ni chembe nyingi zilizofungwa kwa springi: ukipiga moja, inasukuma jirani yake, na wimbi linasafiri hadi mwisho wa mwamba, kisha linarudi. Mkuu wangu wa idara akasema, "Vizuri. Sasa kaliulize jiwe lenyewe."

Shinyanga nilishuka treni nikalala mtaa wa Kambarage kwa binamu yangu. Mkewe alifunua bunda langu la karatasi za namba, akanitazama kwa huruma. "Shemeji, umesoma miaka yote hiyo ukaishia kuhesabu?"

Kutoka Kahama nilipanda lori la pamba. Lilipata pancha Nyahanga, likapata nyingine mbele. Runzewe niliingia alasiri, mwekundu kwa vumbi hadi kope.

Asubuhi nikafika kwa wachimbaji wa dhahabu. Kiongozi wao, Masanja, alinizidi umri lakini aliniamkia shikamoo, nadhani kwa heshima ya mashine ya kupimia mawimbi niliyobeba. Walitaka kujua kama wanaweza kushuka tena kwenye shimo lao baada ya mvua. Nikapiga mwamba kwa nyundo, nikasoma mashine. Wimbi lilirudi katika nusu ya muda uliokadiriwa na kompyuta. Nikalaumu betri, nikaibadilisha, nikaiamini kompyuta bila kupima tena.

"Mwamba ni mzima," nikasema. "Shukeni."

"Kwanza tuoneshe hilo wimbi," akasema Masanja.

Nikawapanga mstari, kila mtu mikono mabegani mwa wa mbele, mimi nikiwa wa nyuma kabisa. Mama Kabula, muuza uji, naye akaingia, katikati, mbele ya Masanja. Nikasukuma. Wimbi likaenda vizuri hadi kwa Masanja. Hapo akajitupa nyuma kama aliyegusa moto. Wimbi likarudi kwa kasi, likanikalisha kwenye tope.

"Mbona hukumsukuma wa mbele?" nikamuuliza.

"Huyu? Amenizalia mke! Nimguse?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi kicheko kilinikauka. Katikati ya mstari palikuwa na mwanya, kwani mikono ya Masanja haikumgusa kabisa mama mkwe wake, na wimbi lilikuwa limegeukia hapohapo. Kwenye kompyuta yangu kila chembe ilishikana na jirani yake. Sikuacha nafasi ya ufa, na ni ufa uliolirudisha mapema wimbi la mwamba.

Masanja alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya shimo.

"Toka! Msishuke!" nikapiga kelele.

Wakachokonoa ukuta kwa mtaimbo mrefu kutoka juu. Kipande kikubwa kama ng'ombe kikaporomoka shimoni.

Kisha Mama Kabula, akiwa amempa mkwewe mgongo, akaiambia hewa, "Mwambieni mume wa Kabula asinifanyie binti yangu mjane."

"Mwambieni mama nimesikia," akajibu Masanja.

Niliporudi chuoni nikakata springi kwenye mstari mmoja wa chembe. Wimbi la kompyuta likarudi mapema, sawasawa na lile la Runzewe. Mkuu akanipongeza kwa ugunduzi. Nilichojifunza hasa kilikuwa cha aibu: jiwe lilinijibu kweli tangu mara ya kwanza, na mimi nikabadilisha betri.